Mhariri, kupita juu na ndege si kufika

Mhariri,

Naandika nikiwa kibandani kwangu hapa Luthuli Avenue, kazi yangu ni kufungua simu za watu, skrini, betri, chaji imeingia maji, hivyo, na nikisema hivi si eti natafuta tangazo la bure (ingawa ukinipa sikatai), nataka tu ujue mapema mimi si tajiri, maana kuna msomaji aliandika hapa wiki iliyopita kuhusu vijana wa Wilson, ule uwanja wa ndege ndogo, wanaochoma mafuta ya ndege wakitafuta namba za ramani, na akatuweka wote kwa gunia moja, akasema ni mchezo wa watoto wa wenye pesa na tena ni kudanganya, kwa sababu mwenye miguu anatembea na mwenye ndege anapita tu juu. Nusu ya hayo ni kweli. Nusu ingine ni mtu hajawahi kukaa kwa ndege ndogo saa tano asubuhi juu ya bonde la ufa akiwa ameshika simu mkono mmoja na mfuko wa kutapikia mkono mwingine.

Kwa wale hawajui hii kitu wacha nieleze haraka. Mchezo unaitwa jiohashi, ulianza mwaka 2008 na kibonzo cha Mmarekani anaitwa Randall Munroe, alichora venye unaweza kupata mahali pa kwenda bila mtu yeyote kukuchagulia. Unachukua tarehe ya siku, unaibandika na bei ya kufungua ya Dow Jones, ile namba ya soko la hisa la New York, halafu unapitisha yote kwenye hesabu ya kompyuta inaitwa MD5. Hio MD5 ichukulie kama posho mill. Ukipeleka mahindi yale yale unapata unga ule ule, wewe na mimi na mtu wa Japan, lakini ukibadilisha punje moja tu unatoka unga mwingine kabisa, na hakuna fundi anaweza kuangalia unga akakurudishia mahindi. Unga wenyewe ukigawanywa nusu kwa nusu, nusu ya kwanza inakuwa desimali za latitudo na nusu ya pili desimali za longitudo. Unaziweka baada ya digrii zako za nyumbani, basi, umepata nukta yako ya leo. Kesho ni nyingine.

Sababu ya kutumia bei ya hisa ni rahisi, hakuna mtu anaijua kabla soko lifunguliwe na kila mtu anaweza kuiona likishafunguliwa, kwa hivyo huwezi kukaa na hesabu zako mwezi mzima ukitafuta tarehe ambayo nukta itaangukia nyuma ya nyumba yenu.

Sasa Nairobi tuko mraba wa latitudo 1 hadi 2 kusini na longitudo 36 hadi 37 mashariki. Digrii moja hapa kwetu karibu na ikweta ni kama kilomita 111 kila upande, kwa hivyo mraba wetu ni zaidi ya kilomita mraba 12,000, na ndani yake kuna Limuru, kuna Kiambu, Ngong, Suswa, Kitengela, Kajiado mjini, mbuga ya Nairobi pamoja na simba wake, na ziwa Magadi. Thika wamekosa kidogo tu wako mraba wa jirani. Na kila mraba duniani unapata nukta yake siku hiyo hiyo kwa desimali zile zile, yaani nukta yetu ikiwa pale Oltepesi kuna ingine kilomita 111 magharibi upande wa Narok na ingine tena mbele, kama vifungo vya shati. Watu wa Mombasa nawahurumia, nusu ya bahati yao inaanguka baharini.

Kuna kitu kimoja kinanifurahisha hapa na sijaona mtu akikisema. Sisi tulio mashariki ya longitudo 30 magharibi tunatumia bei ya jana yake, hio ndio sheria ya mchezo, kwa sababu soko la New York hufunguliwa saa tatu na nusu asubuhi yao ambayo kwetu ni saa kumi na nusu jioni (saa kumi na moja na nusu wakirudisha saa zao nyuma), na ukingoja ya leo siku imeisha. Kwa hivyo Mmarekani anaamka Jumanne bado anangoja soko lifunguliwe na sisi tulishajua tangu jana jioni. Ijumaa ni tamu zaidi, wikendi soko limefungwa, kwa hivyo bei ya Ijumaa inatupa nukta ya Jumamosi, ya Jumapili na ya Jumatatu kwa mpigo. Mimi Ijumaa saa kumi na nusu jioni nina mteja mbele yangu na simu yake iko wazi mezani, skrubu zimepangwa kwa sahani, na jicho moja liko kwa New York. Fikiria hilo, watu kule wanauza hisa za mabenki na hawajui wananipangia Jumamosi yangu.

Basi ndege inaingia wapi. Rafiki yangu tulisoma naye, mimi namwita Kapteni ingawa hajafika huko, ana laiseni ya kibinafsi na anakusanya masaa. Kwa kawaida mtu anahitaji saa 200 za kuruka ndio afikirie laiseni ya biashara, isipokuwa wale wanasoma kozi nzima shule moja bila kukatiza, hao hupunguziwa. Na saa moja ya ndege ndogo, hata Cessna 172 ya zamani yenye viti vimechanika, inaweza kula mshahara wa mwezi wa mtu. Kwa hivyo huyu msomaji anayesema tunachoma mafuta bure, hayo mafuta yangechomwa tu. Kapteni angeruka Jumamosi hiyo nije nisije, angeenda anazunguka upande wa Athi River arudi, aandike kwa kitabu chake saa moja nukta mbili. Mi nilimwambia badala ya kuzunguka kama nzi kwa gilasi si twende mahali New York imetuma. Na sheria ni kali, yeye hawezi kunilipisha nauli kama matatu, tunagawana tu gharama ya ile safari, na sehemu yangu nilikusanya kwa skrini miezi minne. Miezi minne ya skrini, bwana msomaji, hesabu hiyo kabla uniite mtoto wa tajiri.

Mara ya kwanza hatukuruka hata. Nukta ilianguka Embakasi, na Kapteni alipoona ramani akacheka, akasema hapo ni mlangoni kwa JKIA, ule uwanja mkubwa wa kimataifa, hapo ndege za watu mia tatu zinashuka, nikiomba wale wa tawa wanaoongoza ndege nipite hapo na hii Cessna nizunguke zunguke nikitafuta desimali wataniuliza kama niko sawa kichwani. Watu hawajui anga ya Nairobi venye imebanana, JKIA iko huku, Wilson huku, kambi ya jeshi la anga Eastleigh katikati, na zote zinaonana. Tukaenda na matatu. Nukta ilikuwa ndani ya ua la godauni, askari wa geti akasema hapana, tukarudi. Mita 40 zilikuwa zimebaki, bado zinaniuma.

Ya pili ilikuwa Julai. Ijumaa jioni namba zikatoka, nukta iko mbele ya Olorgesailie, kama kilomita tatu nje ya barabara ya Magadi, mahali kwa picha ya setilaiti unaona miti ya miiba na duara la boma na basi. Olorgesailie ni pale kwenye mashoka ya mawe, Louis na Mary Leakey walichimba hapo miaka ya 1940, watu wa shule mnapajua. Kutoka Wilson ni kama kilomita 50 kwa mstari wa ndege, dakika kumi na tano, kumi na sita hivi. Nikasema hii ni rahisi.

Julai ya Nairobi si mnaijua. Saa moja asubuhi tuko Wilson na wingu limekaa juu ya Ngong kama kofia, huoni hata ile mitambo ya upepo, na Kapteni anaruka kwa macho, si kwa vyombo, kwa hivyo hakuna wingu hakuna safari. Tukakaa. Tukanywa chai mara mbili. Saa nne wingu likainuka, tukaondoka. Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya bahari, hewa tayari ni nyepesi, ile ndege inapanda polepole kama mzee anapanda ngazi, na milima ya Ngong mbele inafika futi 8,000 hivi. Ukishaivuka ardhi inadondoka. Ghafla chini hakuna kijani tena, ni kahawia na kijivu, joto linaingia hadi ndani, masikio yanaziba, na ile hewa moto inayopanda inaichukua ndege inairusha inaiangusha. Hapo ndipo nilitafuta ule mfuko.

Na sasa nisikilize vizuri kuhusu huko kudanganya. Cessna ikienda mwendo wa noti 100 (kama kilomita 185 kwa saa) ni kama mita 51 kwa sekunde. GPS ya simu inaandika mahali ulipo mara moja kwa sekunde. Maana yake simu inakuona hapa, halafu inakuona mita 51 mbele, hapo katikati haijui ulikuwa wapi. Na mi natafuta desimali ya nne na ya tano, ya nne ni kama mita 11, ya tano ni mita moja. Unaangalia skrini namba zinakimbia, unapiga kelele kushoto, kushoto kidogo, hapana umepitisha, na upepo wa upande unawasukuma wote wawili pamoja na dunia yenu. Mara ya kwanza tulipita mita 200 kando. Mara ya pili 90. Mara ya tatu ule mstari wa safari nilipokuja kuuangalia nyumbani ulikata kama mita 15 kutoka kwa nukta, na hio naringa nayo hadi leo, jaribu wewe.

Lakini kuna jambo nililigundua huko juu na ndio sababu ya hii barua. Nukta ukiwa mbali unaiona, miti ile, boma lile, kile kijia cha mbuzi. Cessna mabawa yake yako juu kwa hivyo dirishani unaona chini vizuri sana. Inakaribia, inakaribia, halafu inaingia chini ya mlango, na ile sekunde yenyewe ambayo simu inasema uko hapo, huioni. Imefichwa na sakafu. Nilikuwa naangalia viatu vyangu. Ile hesabu ya MD5 inatoa namba mbili tu, latitudo na longitudo, haisemi kitu kuhusu urefu wa kwenda juu, kwa hivyo kwa karatasi tulikuwa tumefika kabisa. Kapteni akanipa mkono. Mi nikampa mkono lakini moyoni nikasema mbona sijaona kitu.

Nikamwambia twende tushuke Magadi. Magadi kuna kiwanja, huwezi kutua tu popote na ndege ya watu kwa sababu umeona tambarare. Tukashuka, ziwa liko pale la waridi na jeupe na harufu yake ya magadi, jua ni la kuchoma mkate, na Kapteni akasema yeye anabaki na ndege chini ya bawa kwenye kivuli, akanipa hadi saa kumi, maana lazima turudi Wilson kabla giza. Nikachukua boda. Kilomita arobaini na kitu kurudi nyuma kwa lami na halafu zile tatu za porini, mwiba ukatoboa gurudumu tukiwa hatujafika nusu ya zile tatu, jamaa wa boda akakaa na pikipiki yake akitukana kwa Kimaasai na mi nikaendelea kwa mguu na simu imeandika imepata joto sana inataka kupumzika. Mimi fundi wa simu nikaifunika na leso iliyolowa maji ya kunywa, wateja wangu msijaribu.

Nukta ilikuwa hatua kama ishirini kutoka kwa uzio wa boma. Mzee mmoja alikuwa amesimama hapo na fimbo, shuka nyekundu, ananiangalia nikija nikisoma simu kama mtu anasoma Biblia akitembea.

Nikasema sopa mzee, akasema epa, halafu akauliza kwa Kiswahili safi kuliko changu, "Kijana, umetumwa na nani kupima?"

Nikajua mara moja. Huko Kajiado mtu akija na kifaa cha GPS akisimama karibu na ua lako akiangalia namba, huyo ni wa mashamba. Ranchi za kikundi, ile ardhi ya pamoja, zimegawanywa, watu wameuziwa, watu wameibiwa, na kila shida ilianza na kijana mmoja mpole wa mjini anasoma namba. Nikamwambia mzee mi sipimi, ni mchezo. Akaniangalia. Nikaanza kueleza New York na hisa na posho mill na nilivyokuwa nikieleza nilisikia mwenyewe venye inakaa uongo.

Akaniuliza, "Na ile ndege ya asubuhi?"

Nikanyamaza.

"Imezunguka hapa mara tatu. Mbuzi wangu wamekimbia hadi kule korongoni, vijana wametafuta hadi saa hii, mmoja mwenye mimba bado hajaonekana. Mi nikajua ni serikali, ama ni wale wananunua."

Mhariri, sheria ya kuruka kwa macho nje ya mji inasema usishuke chini ya futi 500 kutoka ardhini, na Kapteni ni mtu wa sheria, tulikuwa juu ya hapo kila wakati, kile kitabu chake ni safi. Na mbuzi bado walikimbia. Mbuzi hajasoma sheria. Nikamwambia mzee, pole, ile ndege ni sisi. Nilifikiri ataniongeza fimbo. Akakaa kimya muda mrefu sana, halafu akaniambia kwa hivyo wewe umepita hapa juu mara tatu na hukuniona? Nikasema sikukuona mzee. Akasema mi nilikuona, ulikuwa na shati ya njano.

Kweli nilikuwa na shati ya njano.

Tulienda pamoja kutafuta ile mbuzi na tuliipata, iko salama, imejibanza kwa kivuli cha jabali, na mzee akanionyesha ile nukta yangu ni nini hasa: ni mahali mama yake alikuwa akiweka jiko la nje kabla boma lihamishwe, mawe matatu bado yako, mawili yameonekana na moja limezama. Kwa picha ya setilaiti huwezi kuyaona. Kutoka kwa Cessna ndio kabisa. Nikasimama katikati ya hayo mawe, GPS ikasema mita 3, nikapiga picha ya skrini na mawe, mzee akakataa kuingia kwa picha na nikaheshimu.

Kwa hivyo kwa yule msomaji wetu, nakubaliana na wewe pale pa kupita juu, ila si kwa sababu unayosema. Kupita juu ni kazi, ni kulenga shabaha, na wanaofanya wapewe heshima yao kwa hilo, waonyeshe mstari wao wa safari na waseme tulipita mita kumi na tano. Wasiseme tumefika. Kuna wenzetu wa mchezo mwingine wa zamani kidogo, ulioanzishwa 1996 na Alex Jarrett kule Marekani, wao huenda mahali mistari kamili ya latitudo na longitudo inapokutana, moja na 37 kwa mfano iko hapo upande wa Thika na Gatundu, na wao lazima wafike ndani ya mita 100 na wapige picha. Huko pia ndege ingepita, sawa, lakini picha ya nini sasa, ya mawingu?

Na kwa vijana wa Wilson ambao najua mnasoma hii gazeti mkingoja wingu la Julai liinuke: piteni mara moja. Mkikosa mmekosa. Kaeni futi elfu moja na zaidi hata kama sheria inawaruhusu mia tano, msizunguke juu ya boma la mtu, na mkiona uzio wa duara chini jueni kuna mtu anawaangalia na amewaona rangi ya shati. Halafu mtafute kiwanja halali, mshuke, mchukue boda, mpeleke hata majani ya chai na sukari. Gharama ya boda ukilinganisha na saa ya ndege ni ya kucheka.

Tulirudi Wilson saa kumi na moja na nusu hivi jua likiwa limelala juu ya Ngong, Kapteni akaandika masaa yake, mi nikaandika yangu. Mzee tulipeana namba. Alinipigia Jumapili jioni, si kuhusu mbuzi, alitaka kujua New York imesema wapi Jumatatu. Nikaangalia nikamwambia ni upande wa Limuru, kwa mashamba ya chai. Akacheka akasema hao hawana mbuzi, endeni tu. Akaniambia Ijumaa ikifika nimpigie saa kumi na nusu kwa sababu ana kaka yake Kajiado na mwingine Suswa na anataka kuwaonya mapema.